Mbuzi wa Ng'ambo ya Tarach

Mbuzi yule aliingia uani kwa Pal wakati wa sala ya asubuhi, siku ya upepo mkubwa, na hakuna aliyemkaribisha. Wenyewe walikuwa wamefumba macho. Nyaluak ndiye aliyekuwa akiongoza, maana katika nyumba ile Pal alikuwa na cheo cha shemasi lakini maombi yalikuwa ya mkewe. Alikuwa amefika pale pa kuomba riziki ya leo, mjukuu yuko mapajani analia kile kilio chembamba cha mtoto aliyekwisha kuchoka kulia, mara kitu chenye unyevu kikamgusa begani. Akafumbua macho. Mbuzi jike, mwekundu, tumbo jeupe, kiwele kimejaa mpaka anatembea kwa kutanua miguu.

"Amina," Pal akasema, na sala ilikuwa haijaisha.

Mtoto alikuwa anaitwa Lam. Mama yake, Nyaduoth, binti yao wa pekee, alijifungulia hospitali kule Lodwar na hakutoka tena. Walimzika huko huko, upande wa mto Turkwel, kisha Nyaluak akarudi Kakuma juu ya lori la mahindi, amempakata kichanga na kopo la maziwa ya unga. Kopo alipewa na nesi mmoja, mkavu wa maneno lakini mtu wa watu. "Hili likiisha tafuta maziwa, mama," alimwambia. "Uji peke yake hautamweka huyu." Baba wa mtoto alikuwa vitani upande wa Sudan na habari zake hakuna aliyekuwa nazo. Sasa kopo lilikuwa limeisha. Mgao wa kambini ulikuwa mahindi, maharagwe na mafuta, na mtoto wa mwezi mmoja hana habari na maharagwe.

Basi niambie wewe ungefanyaje. Nyaluak alichukua bakuli. Pal alimshika mbuzi miguu, kwa kuwa kwao Wanuer mwanamume aliyechanjwa paji la uso hakamui mnyama hata kama nyumba inaungua, na paji la Pal lilikuwa na mistari yake yote kutoka sikio hadi sikio. Maziwa yakatoka ya moto, yenye povu. Nyaluak aliyachemsha, akayapunguza makali kwa maji, akamdondoshea mtoto mdomoni kwa pembe ya kitambaa safi. Lam alinyonya kile kitambaa kwa nguvu ambayo bibi yake hakujua kama bado anayo. Kisha akanyamaza. Kimya kile kilimwingia Nyaluak mpaka kwenye mifupa. Akakaa pale mavumbini, machozi yanamtoka, anaogopa hata kumshukuru Mungu kwa sauti asije akamshtua.

Ndipo alipoliona sikio. La kushoto, ncha yake imepasuliwa mpasuko mmoja, safi.

"Ana alama, Baba Nyaduoth."

"Kila mbuzi ana alama."

"Basi kila mbuzi ana mwenyewe."

Pal akacheka kidogo. "Eliya aliletewa chakula na kunguru, Mama Nyaduoth. Uliwahi kusikia alimuuliza kunguru amekitoa jiko la nani?"

Nyaluak aliendelea kumpangusa mtoto mdomo. Alisema kesho watamtafuta mwenyewe. Kesho ilipofika akasema kesho.

*

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, na jua la Turkana mwaka ule halikuwa na utani. Lam alianza kujaa mashavu. Majirani walipita kumwona wakatikisa vichwa kwa mshangao, wakasema Mungu amemkumbuka Nyaluak, na kila aliposikia hivyo alijisikia kama mtu anayesifiwa kwa nguo ya kuazima.

Siku moja akitoka bombani alimkuta Pal nyuma ya nyumba anampaka mbuzi majivu sikioni. Wembe ulikuwa chini, una damu. Sikio la kushoto lilikuwa limefupishwa. Ncha ile yenye mpasuko haikuwepo tena.

"Umefanya nini?"

"Nimemfanya wetu," Pal akajibu, bila kumtazama. "Mtu akiuliza, tumepewa na ndugu wa Lokichoggio."

Kazi ile alikuwa ameifanya vizuri, tena vizuri sana. Pal alikulia zizini. Alijua kusoma sikio la mnyama, rangi yake na pembe zake, na alijua jinsi ya kuyachezea hayo mtu asishuku. Jambo moja tu hakulijua, kwa sababu kwao ni nchi ya mabwawa na nyasi ndefu, wanyama wanatembea ndani ya matope na alama ya mguu haidumu. Mbuzi yule ukwato wake wa nyuma ulikuwa umepinda kidogo. Kila alipokanyaga aliuburuta, na kila alipouburuta aliacha mstari mchangani. Pal aliuona ule mstari kila asubuhi na haukumwambia neno.

*

Abei alikuwa mwanamke wa Kiturkana aliyewaletea kuni. Boma lao lilikuwa ng'ambo ya laga ya Tarach, ule mto ambao mwaka mzima ni mchanga mtupu. Alikuja na mzigo kichwani, shanga zimempanda shingoni mpaka kidevuni, akabadilishana kuni kwa mahindi. Yeye na Nyaluak walielewana kwa Kiswahili cha sokoni, kila mmoja akikivunja kwa namna yake, wala hakuna aliyemcheka mwenzake.

"Ejok, mama."

"Ejok, Abei. Leta kuni, weka hapa."

Nyuma ya nyumba Pal alisikia sauti ya mgeni. Akamvuta mbuzi ukutani, akamfumba mdomo kwa kiganja, akabaki amechuchumaa hivyo, shemasi mzima amemkumbatia mbuzi.

"Mtoto iko aje?" Abei akauliza.

"Iko mzuri. Imeanza kunenepa."

"Inakula nini?"

Nyaluak alichota mahindi. "Mungu anatoa," akasema.

Abei alitua mzigo. Alikuwa anaangalia chini, karibu na uzio, na aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akakaa juu ya mzigo wake.

"Mimi iko na shida, mama. Ile siku ya upepo mkubwa, mbuzi yangu ilipotea. Ile nyekundu. Mtoto yake ilibaki nyumbani, ikalia, ikakufa. Sasa bwana yangu, Ekuru, anasema mimi niliuza hiyo mbuzi huku kambini, nikakula mahindi peke yangu. Anasema mbele ya watu. Ananiita mwizi." Akazigusa shanga zake. "Amenikataza kukamua. Mke mdogo ndiye anakamua sasa. Mimi nakaa tu, naangalia."

Nyaluak alikuwa ameshika bakuli la mahindi. Yeye ni mtu wa mifugo. Alijua vizuri kumnyang'anya mwanamke chombo cha kukamulia ni nini. Ni kumwambia mbele ya watoto wake kwamba nyumbani hapa wewe si mtu. Alifungua mdomo aseme. Ndani ya nyumba Lam akalia, njaa ya saa ile, na Nyaluak akaufunga mdomo wake.

"Pole," akasema. Akamwongezea mahindi, konzi mbili juu ya kawaida.

Abei aliyatazama yale ya nyongeza. Akayapokea, akaenda zake.

Tangu siku ile kuni za Abei zilikuwa mbichi. Alikuwa haleti tena zile kuni kavu za zamani. Alileta matawi yenye utomvu, yakiwekwa motoni yanalia na kutoa moshi unaojaza nyumba. Nyaluak alipika huku anakohoa, macho mekundu, chungu hakichemki. "Huyu mwanamke siku hizi ana nini?" alimwuliza Pal. Pal akasema Waturkana ndivyo walivyo. Nyaluak akamwambia anyamaze.

*

Jumamosi alasiri ilikuwa darasa la ubatizo. Kanisa lao lilikuwa la matofali ya udongo na paa la turubai, na mwalimu wa darasa alikuwa Nyaluak. Pasta Arop, mrefu, mpole, shati limefuliwa mpaka kola imekuwa nyuzi, alikuwa amekaa pembeni akisikiliza.

Katika wanafunzi kulikuwa na Josiane, msichana kutoka Burundi. Alikuwa na ulimi mwepesi, lakini swali lake halikuwa la ubishi. Alikuwa ameona watu wa kanisa moja na yeye wakifanya mambo ambayo hakuyasimulia kwa mtu.

"Mama, miye naomba kuuliza. Tunasema Yesu alisha lipa yote. Sasa kama mutu ameokoka, halafu anakaa mu ubaya, anajua ni ubaya, na hataki kuacha. Ule ufalme bado ni wake?"

Swali hilo Nyaluak alikuwa amelijibu mara nyingi, na siku zote alilijibu bila kupumua: wasio haki hawaurithi ufalme, basi, tuendelee. Safari hii jibu lilifika kooni likakaa. Aliona wembe wenye damu. Aliona Abei amekaa, anamtazama mke mdogo akikamua.

Pasta Arop alidhani mama amechoka, akamsaidia. "Binti yangu, hatuokoki kwa matendo yetu. Ni neema. Lakini mti ukiwa hai utaona majani. Mkitaka kuona majani hayo, msitafute mbali." Akanyoosha mkono. "Mwangalieni Mama Nyaluak."

Wote wakamwangalia. Hakuna aliyeguna, hakuna aliyecheka, walimwangalia tu kwa heshima, na heshima ile ilimchoma kuliko tusi. Nyaluak alihisi kuna mwingine anayemwangalia kupitia macho yale, asiye na haraka, aliyemjua tangu tumboni mwa mama yake na aliyekuwepo uani asubuhi ile bakuli lilipoletwa. Hofu ikamshika. Haikuwa ile hofu ya kukamatwa. Ni kama ile aliyoisikia utotoni mto ulipofurika usiku na kijiji kizima kikasimama kimya kusikiliza maji. Alifunga Biblia yake.

"Tutaendelea wiki ijayo," akasema, akatoka.

*

Pal alimkuta Nyaluak anafungua kamba ya mbuzi. Lam alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kitenge.

"Unampeleka wapi?"

"Kwao."

"Mtoto atakufa, Mama Nyaduoth."

"Najua."

"Unajua, na bado unafungua?" Sauti ya Pal ilipasuka. "Tulimzika mmoja Lodwar. Unataka tumzike na huyu? Kwa ajili ya sikio la mbuzi? Neema iko wapi basi? Si wewe unayefundisha?"

Nyaluak alisimama, kamba mkononi. Alimpenda mzee yule, na alijua wembe ule aliushika kwa sababu ya Nyaduoth. "Neema ipo," akasema taratibu. "Lakini siwezi kumfuga mbuzi wa mtu ndani yake. Nimejaribu. Kila sala nikifika pale pa riziki, mbuzi analia."

Alitoka mchana kweupe, njia kuu ya kambi, mbuzi nyuma yake. Watu walimsalimia akaitikia. Walimwuliza anakwenda kuuza? Akasema hapana, anarudisha. Alishuka kwenye Tarach, mchanga unaunguza ndala, na kila alipogeuka aliuona mstari mdogo unamfuata kutoka kambini, na safari hii akatambua kwamba ni ukwato wa mbuzi unaouchora.

Ekuru alikuwa amekaa juu ya kigoda chake kidogo kivulini, na wazee wawili wa jirani. Wote waligeuka walipomwona mbuzi. Abei alitoka kibandani akasimama hapo hapo mlangoni.

Nyaluak hakukaa. Alisema maneno yake yote kwa mara moja, kwa Kiswahili kibovu na kwa sauti ambayo boma zima lilisikia. "Hii mbuzi yenu. Iliingia kwangu siku ya upepo. Mimi nilikamua, nilinywesha mtoto. Nilijua iko na mwenyewe. Bibi yako alikuja kwangu, akaniambia shida yake, mimi nikanyamaza. Hakuuza. Hakukula mahindi ya mtu. Mwizi ni mimi."

Ekuru aliinuka. Alimshika mbuzi kidevu, akalipapasa sikio kwa kidole gumba, pale lilipokuwa linapona. Uso wake ukabadilika. Mbuzi kupotea ni jambo la kawaida. Kumkata alama ni vita.

"Nani alikata?"

Nyaluak alivuta pumzi.

"Mimi," sauti ikasema nyuma yake.

Pal alikuwa amemfuata. Alikuwa anahema, jasho linashuka juu ya mistari ya paji lake. Alikuwa ni mwanamume ambaye katika maisha yake hajamwinamia mtu isipokuwa Mungu, na hata huyo wakati mwingine kwa kujilazimisha. Alivua kofia, akapiga goti mchangani mbele ya Ekuru. "Mkono ni wangu. Huyu mama hakuwepo."

Upepo ulikuwa umetulia. Wazee wakazungumza Kiturkana, chini chini, kwa muda. Nyaluak hakuelewa hata neno. Alisimama na mtoto mgongoni, na kwa ajabu moyo wake ulikuwa mwepesi, mwepesi hata akaogopa wepesi wake, maana alijua fimbo zinaweza kuja, au bunduki, na hata hivyo asingerudi nyuma.

Ekuru akarudi kwenye Kiswahili. "Visima vyetu vya laga vimekauka. Huyu mzee atachimba. Atachota, atanywesha mbuzi yote, kila siku, mpaka mvua. Aanze sasa." Akageuka kwa mke mdogo, akasema neno moja. Yule akaingia ndani, akatoka na chombo cha mbao cha kukamulia, akamkabidhi Abei mbele ya wote. Abei alikipokea kwa mikono miwili. Hakutabasamu. Alikishikilia tu kifuani.

"Na ingine," Ekuru akasema, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo. "Kwetu mtu akinywesha mbuzi, jioni anapewa maziwa. Hiyo si zawadi. Ni sheria."

Nyaluak alisikia, akadhani hajasikia. Alimtazama Pal. Pal bado alikuwa amepiga goti, mdomo wazi, anamtazama yule mtu aliyemhukumu.

Pal alichimba mpaka jua likaegemea, kwa kipande cha bati na kwa mikono, mpaka mchanga ukawa baridi, kisha mzito, kisha maji yakaanza kukusanyika chini polepole. Abei akakamua. Akaleta maziwa mwenyewe ukingoni mwa laga, ambapo Nyaluak alikuwa amekaa na mtoto, na wote wawili wakamtazama Lam akinyonya kitambaa.

"Mimi nilijua," Abei akasema.

"Ulijua nini?"

Abei akanyoosha kidole mchangani, kwenye ule mstari. "Mguu yake. Niliona kwako, karibu na uzio. Siku ile ile."

Nyaluak aliutazama ule mstari. Siku ile ile! Mwanamke huyu alijua, akarudi nyumbani akaitwa mwizi, akakaa akitazama mwenzake anakamua, na neno moja lingemtosha.

"Kwa nini hukusema?"

"Nikisema, wanaume watakuja na bunduki. Na mtoto ililia." Abei akainua mabega. "Nilikuwa nangoja wewe useme. Nilikasirika. Nilikasirika sana, mama. Ndiyo maana nilikuletea kuni mbichi."

Nyaluak alicheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Miaka yote alikuwa anafundisha watu juu ya ufalme wa Mungu, unafananaje na nani ataingia. Sasa alimwogopa mwanamke huyu asiyejua hata wimbo mmoja wa kanisa, kwa ile hofu ya mahali patakatifu, hofu unayoivulia viatu.

*

Jumapili alisimama kanisani akasema yote, na Pal akasimama kando yake, viganja vimechubuka. Pasta Arop alilia. Kisha, kwa upole wake, akamwondoa Nyaluak kwenye ualimu kwa muda, na wala Nyaluak hakunung'unika. Akaenda kukaa kwenye benchi la wanaojiandaa kubatizwa, kati ya watu aliokuwa akiwafundisha.

Josiane akamsogelea. "Sasa mama," akanong'ona, "jibu ni gani?"

Nyaluak alifikiri. "Zamani nilidhani ni mlango, na Mungu amesimama anakagua," akasema. "Sasa naona, mimi ndiye niliyekuwa natoka. Kila siku niliyonyamaza nilikuwa nasogea nje, na hakuna aliyenifukuza. Neema haikunifungia mbuzi ndani, Josiane. Ilinisumbua mpaka nikamfungua."

"Na ungekataa kumfungua?"

Nyaluak alimtazama. "Usiniulize hilo," akasema.

Asubuhi iliyofuata Pal alikuwa ameshaondoka kwenda lagani. Nyaluak alikuwa katika sala, peke yake na mtoto, amefika pale pa riziki, aliposikia mzigo unatuliwa uani. Safari hii alimaliza sala yake kwanza. Alipotoka Abei alikuwa ameshafika mbali, wala hakungoja mahindi. Nyaluak akauchukua ukuni mmoja, akauvunja juu ya goti, ukavunjika kwa mlio. Kuni zilikuwa kavu.